Jina Lako Sikulitaja

Chumba cha ushauri cha shule yetu kilikuwa na mlango mmoja tu, na mlango huo ulitazama uwanja tulipopangwa mistari kila asubuhi kuimba wimbo wa taifa. Aliyekichagua sijui alikuwa na akili gani. Mwanafunzi mwenye jambo la siri ilimbidi avuke uwanja mzima, peupe, shule nzima ikimwona kutoka madirishani, kisha abishe hodi kwenye mlango ulioandikwa kwa chaki kubwa: USHAURI NA SIRI. Ukitoka, wenzako wanakungoja. "Umekaa sana. Kulikoni?" Mpaka leo nikiingia shule yoyote, kitu cha kwanza ninachokitazama ni mlango wa chumba hicho umeelekea wapi. Mara nyingi hurudi nyumbani nimeudhika.

Hii ilikuwa Malindi, miaka ya themanini, shule ya kutwa ya wasichana. Chumba chenyewe zamani kilikuwa stoo ya vyerehani, na vile vibovu havikutolewa. Vilisukumwa ukutani vikafunikwa shuka. Mwalimu mkuu alitutangazia kwamba mambo sasa yamebadilika, kwamba mwanafunzi mwenye mzigo moyoni asikae nao, aupeleke pale, na hautatoka nje. Tukapiga makofi. Kwa muda mrefu hakuingia mtu isipokuwa wasichana waliotaka kukwepa zamu ya kufyeka nyasi.

Mwalimu aliyepewa kazi hiyo ndiye aliyetufundisha hesabu. Alikuwa mtu wa Mambrui, mwanamke kijana, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Njiani alivaa buibui kama mama zetu. Akifika shuleni alilivua, akalikunja vizuri na kulitia kwenye droo, akashika chaki. Tulimpenda. Alikuwa wa kwetu: hakutucheka tulipokosea Kiingereza, na hakuhitaji kuelezwa kwa nini Ijumaa tunataka kutoka mapema. Alikuwa amepelekwa Mombasa kwenye mafunzo ya ushauri, akarudi na cheti. Nayasema haya ili ieleweke kwamba siri yangu sikumpa mpita njia.

Nilikuwa kidato cha nne. Maradhi yangu hayakuwa na jina, au mimi sikulijua. Usingizi ulinikimbia wiki nzima nzima. Moyo ulinienda mbio nikiwa nimekaa tu nachambua mchele, hakuna anayenifukuza. Darasani nilisoma mstari huo huo tena na tena na maneno yasishike, na machozi yakanitoka bila kuagizwa, hata pale wenzangu walipokuwa wanacheka. Sikuwa nimefiwa. Sikuwa nimepigwa, sikuwa na njaa, sikuwa na mchumba aliyenikimbia. Hilo ndilo lililonitisha zaidi, maana mwenye sababu anaweza kungoja sababu iondoke. Mimi ningengoja nini?

Nyumbani sikuweza kusema. Baba yangu aliuza boriti za mikoko. Alikuwa mtu mpole, mwenye mzaha na wateja wake, na kuhusu elimu ya wasichana alikuwa na imani moja: kwamba ni jambo zuri, lakini ikizidi inapanda kichwani. Mwaka uliotangulia binti wa jirani yetu alianguka darasani akapiga ukelele, na baba yake akamtoa shule wiki ile ile. Baba yangu akaona amefanya vyema. "Kitabu kikimpanda mtu kichwani," alisema, "hakiteremki mpaka umwondolee." Kisha akanigeukia, akanishika bega. "Na wewe mwanangu, siku ukiona dalili, usinifiche. Nitakutoa mapema kabla hujaharibika." Aliyasema kwa mapenzi, na hapo ndipo penye tabu. Baba mkali ningemdanganya bila kujuta. Huyu angenitoa shule huku machozi yanamlengalenga.

Nami nilitaka kuwa mwalimu. Sikutaka kitu kingine duniani. Bila mtihani wa kidato cha nne hakuna chuo, na mtihani ulikuwa umebakiza muhula mmoja na kidogo. Kwa hiyo nikajifunza kulia bila sauti na kunawa uso kila mara, na mama akanisifu kwa usafi.

Mwalimu aliona. Siku moja aliniita ubaoni, swali jepesi tu, nikaandika nusu yake, nikasimama na chaki mkononi, nikashindwa kuendelea. Jibu nilikuwa nalo. Mkono ndio uliokataa. Hakunigombeza. Kipindi kilipokwisha akasema kwa sauti, makusudi darasa zima lisikie, "Wewe hesabu zako zinanitia aibu. Jumanne na Alhamisi, saa za michezo, uje kule chumbani na daftari lako nikusomeshe." Niliudhika sana, maana hesabu nilikuwa naziweza. Nilipofika alifunga mlango, akalisogeza daftari kando, akasema, "Hesabu unazijua. Sasa niambie lako."

Ndiyo iliyokuwa hila yake. Mlango ule hakuweza kuuhamisha, basi akanipa kisingizio cha kuupita. Nikawa mjinga wa hesabu kwa hiari yangu. Wenzangu wakanionea huruma, na mmoja, ambaye hesabu zenyewe zilikuwa zinampiga chenga, akajitolea kunifundisha. Sijawahi kufurahia ujinga kama nilivyoufurahia ule.

"Hapa ni sitara, mwanangu," aliniambia siku hiyo ya kwanza. "Utakalolisema halivuki kizingiti."

"Hata kwa baba?"

"Hata kwa baba."

"Baba akijua atanitoa shule, Mwalimu. Hatangoja mtihani."

"Nimekusikia. Basi hatajua." Akaweka kiganja kifuani. "Jina lako halitatoka kinywani mwangu. Wallahi."

Nikamwambia yote. Sikujua kwamba nina maneno mengi hivyo. Yeye hakunihubiria. Hakuniambia nile vizuri wala nisali zaidi, mambo ambayo ningeweza kujiambia mwenyewe. Aliuliza maswali madogo madogo: inaanzia wapi, kifuani au tumboni? Ikishakuja, mikono unaiweka wapi? Kuna mahali popote ambapo haiji? Nikafikiri, nikamwambia haiji nikiwa najaza maji kwenye mtungi, kwa sababu sauti ya maji inapanda na mimi naisikiliza. Alicheka kwa furaha kana kwamba nimepata jibu la swali gumu. "Basi tuanzie hapo," akasema.

Na ikafaa. Nataka niliseme hili wazi, maana ndilo linalonikera hadi leo: ilikuwa inafaa. Baada ya wiki kadhaa nililala mpaka adhana ya alfajiri ikaniamsha, nikakaa kitandani nikishangaa kama mtu aliyeokota dhahabu njiani. Machozi yakapungua. Nilianza tena kusoma mstari na ukashika. Dawa ilikuwa ni kusikilizwa tu, mlango umefungwa, na mtu mmoja asiyeshtuka. Mimi niliiona inafanya kazi. Aliyekuwa akinipa hakuiona.

Siku moja, nikiwa nakusanya vitu vyangu niondoke, akaniuliza vile mtu anavyouliza bei ya nyanya, "Hivi mama yako jina lake nani?"

Mtu wa bara akikuuliza jina la mama yako, anataka kukufahamu. Kwetu sisi mtu hutambulikana kwa baba: fulani binti fulani, na huyo fulani ni mwanamume. Jina la mama huulizwa na mtu mmoja tu, mwalimu wa falaki, yule anayetazama nyota yako kwenye kitabu. Huyo huchukua jina lako na jina la mama aliyekuzaa, kila herufi ya Kiarabu ina thamani yake, akazijumlisha, na katika hesabu hiyo akajua umepatwa na nini na uandikiwe nini. Kila mtoto wa mji anajua hivyo. Lakini aliyeniuliza alikuwa mwalimu wa shule, mwenye cheti cha ushauri, amekaa mbele ya ubao wenye pembetatu. Nilidhani ni mazungumzo. Nikamwambia.

Wazazi wangu wote wawili walikuwa wametoka visiwa vya kaskazini, nao walihamia Malindi kabla sijazaliwa. Jina la mama lilikuwa la huko kwao, jina la kale, la bibi wa bibi yake. Malindi nzima sikuwahi kumsikia mwingine mwenye jina hilo, wala Mambrui, wala Kilifi. Sitalitaja hapa. Limeshatajwa vya kutosha.

Mkutano uliofuata, Mwalimu alitoa kwenye mkoba chupa ndogo iliyozibwa kwa kitambaa. Ndani kulikuwa na maji ya rangi ya manjano. Sikuhitaji kuambiwa. Lilikuwa kombe: aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa marashi ili mgonjwa anywe. Nililijua tangu utotoni. Nilinyweshwa nilipougua surua. Sina ugomvi na kombe. Lakini kombe haliandikwi hivi hivi, huandikwa kwa ajili ya mtu.

"Mwalimu, umemwambia nani?"

"Tulia," akasema. "Nilikwenda kwa mjomba wangu, mtu mzima, mcha Mungu. Wala hajui ni nani. Thamani ya jina lako nilijumlisha mwenyewe nyumbani, nikampa jumla tu." Alijivunia hilo, niliona usoni mwake. Mwalimu wa hesabu alikuwa amepata njia ya kumpeleka mtu kwa mwalimu wa falaki bila kumtaja. "Jina lako sikulitaja. Kunywa, ni baraka."

Nikanywa. Lilikuwa tamu, lenye harufu ya waridi. Na niseme ukweli, nilimwona hodari. Nilitoka pale nikawaza kwamba hakuna shule nyingine Kenya nzima yenye mshauri anayelinda siri ya mtoto kwa hesabu.

Haikupita wiki. Nilirudi kutoka shule alasiri, mkoba begani, nikakuta mlangoni kwetu viatu vya wanawake vimepangana, makubadhi na ndara, vya watu wazima. Harufu ya udi ilitoka hadi nje. Nikadhani labda kuna posa, au msiba. Nikaingia kwa adabu, nikawaamkia, "Shikamooni," wakaitikia kwa pamoja, kisha wote wakanitazama kuanzia kichwani kushuka miguuni.

Walikuwa wamekuja kutazama mgonjwa. Kwetu mtu akiugua hangojewi apone. Mnakwenda, mnakaa naye, mnamwombea, mnampelekea kitu. Walikuwa wameleta madafu na mkate wa sinia, umefunikwa kitambaa cha kufumwa. Mkate wa mgonjwa. Na mama yangu, ambaye nyumbani mwake hakukuwa na mgonjwa yeyote anayemjua, alikuwa amekaa katikati yao na birika la kahawa, anatabasamu, anajibu "Tunashukuru, tunashukuru," kwa sababu aliona ni aibu kuwauliza wageni wake wamekuja kumtazama nani.

"Ah, mwenyewe huyu hapa!" mmoja akasema. "Mashallah, anatembea."

"Ugonjwa wa kichwa hauzuii miguu," akajibu mwingine.

"Na nguo zake kavaa sawasawa."

Mama akanitazama. Nimetazamwa na watu wengi maishani, kwa hasira na kwa dharau, lakini sijatazamwa tena vile. Alikuwa ananitafuta usoni huku mkono wake ukiendelea kumimina kahawa, na kikombe kikafurika hadi kwenye sahani yake. Nikasimama pale na mkoba wangu, mgonjwa aliyechelewa kufika kwenye kutazamwa kwake. Yule mwenye mkate akanivuta, akanikalisha, akanisomea na kunipulizia usoni. Mate yake nikayahisi kwenye shavu. Wakaniombea dua ndefu kwamba Mwenyezi Mungu anirudishie akili.

Mkubwa wao ndiye aliyemweleza mama, kwa kumliwaza, jinsi walivyojua. Alikuwa amekwenda kwa yule mwalimu wa falaki kwa shida yake ya mgongo. Kulikuwa na wanawake wamejaa ukumbini, wanangoja nyuma ya pazia. Akaingia mwanamke kijana aliyejifunika vizuri, akasema amekuja kwa ajili ya mwanafunzi wake ambaye halali, analia, akili inamtoka. Jina la mwanafunzi hakulisema, akatoa jumla. Jina la mama akalisema. Yule mzee masikio yake yalikuwa mazito, na jina lenyewe kwake geni. "Nani?" akauliza. Akarudiwa. "Binti nani?" Akarudiwa kwa sauti. Naye mzee, ili asikosee maandishi, akalirudia herufi kwa herufi, na nyuma ya pazia mji mzima ukalisikiliza.

Msichana wa shule. Mama yake ni huyo, na huyo yuko mmoja. Hesabu hiyo hata asiyewahi kushika chaki aliweza kuikokotoa.

Nimelifikiria jambo hili miaka mingi na bado linanitia kichaa, kichaa cha kweli safari hii. Jina langu mimi ni jina la kila mtu. Darasani kwetu tu tulikuwa na wenye jina hilo wa kutosha mpaka walimu wakatuita kwa majina ya baba zetu. Angelitaja langu, akalipigia mbiu sokoni, hakuna ambaye angejua ni nani kati yetu. Alilihifadhi lile lisilo na hatari, akajisifu kwa kulihifadhi, na lile lililokuwa moja tu katika pwani yote akampa mzee kiziwi mbele ya watu. Na kiapo chake hakukivunja. Hapo ndipo hasira yangu inapokosa pa kukaa, maana aliyevunja kiapo unaweza kumwambia umevunja.

Wageni walipoondoka, mama alifunga mlango, akakaa kwenye mkeka na mgongo wake ukutani. Nikangoja aniulize. Nilikuwa tayari. Angeniuliza kama naumwa, au tangu lini, au kwa nini sikumwambia, ningemweleza yote mapajani mwake. Mama yangu akikasirika alirudia lugha ya kisiwani kwao, ambako jina huitwa ina.

"Ina langu," akasema, "limefikaye kwa watu?"

Hilo ndilo aliloniuliza. Akaniuliza tena na tena mpaka nikamwambia. Mimi sikuwamo katika swali lile. Nilitafuta mahali nilipo nisipaone.

Baba alirudi baada ya Magharibi. Katika umri wangu wote sikuwahi kumsikia akimtaja mama kwa jina. Ndani alimwita mama watoto. Mbele ya wanaume alisema "nyumbani," kwamba nyumbani wanakusalimu, nyumbani wamesafiri. Ndiyo heshima. Na jioni ile, kwenye baraza la msikiti, muuza samaki, mtu mwema kabisa, alikuwa amempa pole kwa maradhi ya binti wa fulani, akalitaja jina la mke wake kamili, mbele ya wanaume, kama anavyotaja aina ya samaki.

"Limepita kwenye mabaraza," baba akasema. Hakupandisha sauti. "Jina ambalo mimi mwenyewe silitaji."

"Baba, mimi nimeshaanza kupata nafuu. Nilikuwa nalala."

"Kesho hakuna shule."

"Mtihani umekaribia, baba. Nibakize mpaka mtihani tu, halafu utakalo."

"Mtihani tumeshaufanya," akasema, "na tumeanguka."

Nikalia kwa sauti, kwa mara ya kwanza nyumbani mwetu, na kilio chenyewe kikawa ushahidi. Baba akanitazama kwa huruma ile niliyoiogopa tangu mwanzo. "Unaona mwenyewe," akasema, akaenda kutawadha.

Sare yangu mama aliifua, akaianika, akaipiga pasi, kisha akampa binti wa shangazi yangu. Mchana nilikuwa jikoni. Jioni jirani walikuja mmoja mmoja, wale waliokosa ziara ya kwanza, na nikakalishwa na kupuliziwa. Nilimchukia Mwalimu kwa nguvu zote nilizokuwa nazo, na zilikuwa nyingi kuliko watu walivyodhani. Nilimchukia kwa sababu tulikuwa tumefika. Kulikuwa na jambo moja tu alilotakiwa kufanya, na alikuwa anaendelea kulifanya: kukaa kwenye kiti na kunisikiliza. Hakuamini kwamba hilo latosha. Alidhani dawa ya kweli lazima iko kwa mtu mwingine, mwanamume, mwenye kitabu, na ili kuifuata akaniacha mimi wazi.

Alikuja nyumbani baada ya siku kadhaa, alasiri, amevaa buibui lake, macho yamevimba. Mama akamletea kahawa na kaimati, maana mgeni ni mgeni hata akiwa ndiye aliyekuchomea nyumba. Baba alikaa upande wa pili wa pazia la ukumbini. Mimi nikasimama karibu na mlango wa uani, mahali pa kusikia.

"Mzee wangu, nimekuja kukuomba," Mwalimu akasema. "Umrudishe mtoto. Ana akili sana huyu. Kosa ni langu, yeye hana kosa."

"Wewe nimekusamehe, Mwalimu. Mimi na wewe hatuna neno."

"Basi arudi, mzee. Mpaka mtihani tu."

"Shule basi."

Nikasikia kikombe kinagonga sahani. Kisha akasema kile alichokuwa amekuja kukisema, nadhani, tangu alipotoka kwake: "Jina lake sikulitaja, mzee. Wallahi jina la binti yako sikulitaja."

"Najua," baba akajibu kwa upole. "Kahawa yako isipoe."

Alipoinuka kwenda, mama akaniambia nimsindikize. Tukasimama penye kizingiti cha ndani. Baba alikuwa bado nyuma ya pazia, hatua chache kutoka kwetu. Mama alikuwa nyuma yangu ameshika sinia. Mwalimu akanishika mikono yote miwili, akainama, na kwa ile sauti yake ya chini, sauti ya chumba cha vyerehani, akaniuliza, "Niambie mwanangu. Unalala?"

Tangu jirani walipoleta mkate wa mgonjwa, hakuna mtu yeyote mjini aliyeniuliza swali hilo. Walinisomea, walinipulizia, walinifukiza ubani, na wote walikuwa wameshajua. Yeye aliuliza kwa kutaka kujua. Na mimi nilikuwa sijalala tangu siku ile. Moyo ulikuwa umerudia mbio zake, na sasa hata sauti ya maji mtungini haikusaidia. Nilimtazama usoni. Nilijua nikisema kweli, baba nyuma ya pazia angeitikia kwa kichwa kwamba alifanya sawa, mama angeficha uso, na huyu mwenyewe, kwa mapenzi yake yote, angetoka pale akatafute mwalimu mwingine wa falaki, mwenye masikio mazuri zaidi.

"Nalala, Mwalimu," nikasema. "Nalala vizuri."

Uso wake ukafunguka. Akaniachia mikono, akajifuta macho kwa ncha ya buibui, akamgeukia mama. "Alhamdulillahi! Umesikia, mama? Kombe limemfaa." Mama akasema alhamdulillahi. Nyuma ya pazia baba naye akasema alhamdulillahi. Mwalimu akateremka ngazi za baraza akiwa mwepesi kuliko alivyokuja, na kabla hajafika kwenye kona ya njia nilimsikia akimwambia jirani yetu habari njema.

Wenzangu walipoingia kwenye mtihani mimi nilikuwa uani nakuna nazi, macho yananiwasha kwa kukesha, na mji mzima ulikuwa umeshaambiwa kwamba nimepona.